Mbona Bibi Alipikia Mafiga Akafika Miaka 90?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja huku Lushoto. Tumepewa kazi ya kuelimisha wananchi kuhusu moshi wa kuni na afya ya mapafu. Kila nikisimama kwenye mkutano kuna mama mmoja mtu mzima huniuliza: "Bibi yangu alipikia mafiga matatu maisha yake yote akafika miaka 90. Mbona hakufa kwa moshi?" Watu wanacheka, na mkutano unakuwa umeishia hapo. Tena wapo waliopata majiko banifu, nao wanauliza kama sasa wako salama. Niwajibu nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mama asikukere. Mkutano unaouliza maswali kama hayo ni mkutano unaosikiliza. Mimi huogopa ule ambao wote huitikia "ndiyo", wakasaini karatasi ya mahudhurio, wakarudi jikoni kupuliza moto uleule.

Tuanze na bibi. Alifika miaka 90, na heshima yake tumpe. Lakini ushahidi wake una kasoro: waliofika 90 ndio tunaowaona barazani wakisimulia. Aliyekufa na miezi minane hana wa kumsimulia. Siku mkiwa wawili tu, si mbele ya watu, muulize huyo mama taratibu: bibi alizaa wangapi, akakuza wangapi? Katika vizazi vile ni nadra kukuta nyumba ambayo haikuzika mtoto. Usimwambie wote waliuawa na moshi, utakuwa unamdanganya na yeye atajua. Malaria ilikuwepo, surua ilikuwepo kabla ya chanjo kuenea, na miaka ya njaa ilikuwepo. Ila kichomi, yaani nimonia, nacho kilichukua sehemu yake, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtoto anayelelewa ndani ya moshi wa jikoni yuko katika hatari ya nimonia karibu mara mbili ya yule asiyeuvuta.

Halafu muulize kama bibi alikuwa anakohoa asubuhi. Sitashangaa akikujibu, "Ah, kile kilikuwa kikohozi chake cha siku zote." Neno hilo nimelisikia mara nyingi sana kliniki. Watu hukihesabu kikohozi cha mama yao kama sehemu ya tabia yake, kama mwingine anavyojulikana kwa kucheka kwa sauti. Nami nina kosa langu la kukiri hapa: nilipoanza kazi nilimwandikia mama mmoja dawa ya kikohozi mara tatu, miezi kadhaa mfululizo, kabla ya kufikiria kumuuliza anapikia wapi. Nilikuwa nimemuuliza kama anavuta sigara. Akasema hapana, nikaandika "havuti", nikageuza ukurasa.

Moshi una ujanja huo. Haukai kwenye cheti cha kifo kwa jina lake. Huandikwa nimonia, kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani, au "uzee". Kuna mtoto mmoja wa London, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekuwa na pumu kali na akiishi karibu na barabara kubwa ya magari. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake haukutaja hewa kabisa. Mama yake, Rosamund, hakukubali. Alihangaika na wanasheria na wanasayansi hadi uchunguzi ukarudiwa, na Desemba 2020 ikaamuliwa rasmi kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo hicho. Alikuwa mtu wa kwanza Uingereza kuandikiwa hivyo. Fikiria: mji wenye mitambo ya kupimia hewa barabarani, na bado ilichukua karibu miaka minane na mama mbishi kuliingiza jambo hilo kwenye karatasi. Lushoto hatuna mitambo hiyo. Basi mtu akikwambia "sijamwona aliyekufa kwa moshi," anasema kweli tupu. Hajamwona, kwa sababu hakuna aliyemwandika.

Kuna jambo jingine ambalo huyo mama atalikubali haraka kuliko takwimu. Jiko la bibi halikuwa kama jiko la leo. Bibi alipikia kwenye kibanda cha nyasi, na nyasi zinapitisha moshi. Ukipita asubuhi unaona paa zima linafuka. Leo tumejenga kwa tofali, tumeezeka bati, dirisha ni dogo, na baridi ya Juni na Julai ikibisha tunafunga mlango. Moto ni uleule ila tumeuwekea kifuniko.

Sasa mwili. Watu wataka kujua moshi unafanya nini hasa, na ukisema tu "unaharibu mapafu" hujasema kitu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kama mara 20,000 kwa siku. Njia za hewa zina ute unaonasa vumbi na vinyweleo vidogo sana vinavyoufagia ute huo kwenda juu, tukautema au tukaumeza bila kujua. Ufagio huo unatosha kwa vumbi la barabarani. Moshi una chembe ndogo mno, zisizozidi mikromita 2.5, yaani kama sehemu ya thelathini ya unene wa unywele. Hizo hupita ufagio, hushuka hadi kwenye vijifuko vya mwisho ambako damu hupokea hewa, na nyingine huvuka zikaingia kwenye damu yenyewe. Ndiyo maana moshi haugusi kifua peke yake. Unafika kwenye moyo na kwenye ubongo. Tena moshi wa kila siku hulemaza vile vinyweleo na kuvimbisha njia. Kwa mtoto njia zenyewe ni nyembamba, uvimbe kidogo tu unaziba. Kwa mama aliyepika miaka 30, njia hukakamaa na kubaki finyu. Hewa inaingia, kutoka ni kazi. Huo ndio ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ambao wengi wanadhani ni wa wavuta sigara tu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake: kwa saa 24, chembe hizo zisizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka, 5. Jikoni penye mafiga, mlango umefungwa, vipimo husoma mamia, na dakika za kuwasha moto hufika maelfu. Kadirio la shirika hilohilo ni kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Nakupa namba hizi wewe, uzijue. Mkutanoni usizipeleke. Milioni tatu hazina sura, na mtu aliyetoka shambani amechoka ataziacha hapohapo kwenye benchi.

Kabla sijasahau: watakuuliza kuhusu maziwa. Wapaka rangi, wachomelea vyuma, wasaga nafaka, wote hushauriana kunywa maziwa ili "kusafisha kifua". Maziwa ni chakula kizuri, wanywe. Lakini yanapita njia ya chakula na kuishia tumboni. Yakipita njia ya mapafu mtu anapaliwa. Hakuna kinywaji kinachoosha mapafu. Na barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi.

Majiko banifu sasa, na hapa nakuomba usinukuu mabango. Sema kweli hata kama haipendezi.

Guatemala, kwenye milima ya San Marcos, watafiti walichukua kaya 534 zilizopikia moto wa wazi. Nusu wakazijengea jiko lenye bomba la moshi, nusu zikasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Moshi aliovuta mtoto ulipungua kama nusu. Nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Nimonia kali, ile inayomnyima mtoto oksijeni, ilipungua kwa karibu theluthi. Hiyo si haba. Lakini jirani zetu wa Malawi walijaribu majiko ya kuni yenye feni, yanayochoma vizuri kuliko mafiga, katika vijiji 150, wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000. Matokeo ya mwaka 2017: hakuna tofauti ya nimonia kati ya wenye majiko mapya na wasio nayo. Kisha ukaja utafiti wa gesi katika Guatemala, India, Peru na Rwanda, kaya kama 3,200. Nusu yao walipewa jiko na gesi bure kwa miezi 18, na kweli waliitumia. Moshi uliovutwa ulishuka sana. Hata hivyo nimonia kali ya watoto wachanga haikushuka kwa kiasi ambacho takwimu zinaweza kukithibitisha.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza lilinikatisha tamaa, sitakuficha. Nimelitafakari, na nakwambia ninavyolielewa mimi. Nguo iliyolowa chepechepe ukiikamua nusu, ukiivaa bado unatetemeka. Moshi uko hivyo: kuutoa kutoka wingi wa kutisha hadi wingi wa kawaida hakumpi mtu nusu ya afya. Faida kubwa inaonekana ukikaribia hewa safi kabisa. Kwenye utafiti ule wa kwanza wa Guatemala, walipoacha kuuliza "nani ana jiko" wakauliza "mtoto huyu amevuta moshi kiasi gani", ilionekana wazi kwamba aliyevuta kidogo zaidi aliugua kidogo zaidi. Jiko pekee halimfikishi huko, kwa sababu moshi wa kijiji hauna mpaka wa shamba. Mama Fulani anapika kwa gesi, jirani yake anachoma takataka chini ya dirisha lake, baba anavuta sigara sebuleni, taa ya usiku ni kibatari. Na makande? Makande yanarudi kwenye mafiga, maana nani atamaliza gesi kwa makande. Nyumba ngapi unazijua ambazo mtungi wa gesi ni wa chai tu?

Kwa hiyo mwenye jiko banifu mpe pongezi, halafu mwambie amepunguza, hajamaliza. Mwahidi yale ambayo hutakosea: macho yatawasha kidogo, kikohozi cha jikoni kitapungua, sufuria hazitajaa masizi, kuni zitakaa siku nyingi zaidi. Ukimwahidi kwamba mtoto hataugua nimonia, siku mtoto akiugua umempoteza yeye na majirani zake kumi.

Swali lako halikuligusa hili, lakini ndilo lililonifanya niandike kwa urefu. Kazi ya kuelimisha kuhusu moshi mara nyingi hushindwa kwa sababu tunakwenda kama vile watu hawajui kwamba moshi unawasha. Wanajua, wanalia machozi kila siku! Wanauvumilia kwa sababu unawafanyia kazi. Tazama juu ya jiko la nyumba yoyote huko kwenu: mahindi yako darini. Moshi unayakausha na kuwafukuza wadudu, hasa yule dumuzi ambaye watu walimpa jina la Scania kwa jinsi anavyobomoa gunia. Moshi, wanasema, unafukuza mbu, moto unapasha nyumba joto, na jioni ndipo watoto wanapokaa kusikiliza hadithi. Ukimwambia mama aondoe moshi bila kumwambia mahindi yake yatakwenda wapi, unamwambia achague kati ya kifua na chakula. Kila mtu atachagua chakula, hata mimi.

Basi anza na mahindi. Mtafute bwana shamba wa kata, mwende pamoja. Mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa ipo kwenye maduka ya pembejeo. Mahindi yakikaushwa vizuri juani, yakafungwa humo barabara, wadudu wanakosa hewa na kufa bila dawa. Mahindi yakishashuka kutoka darini, moshi unakuwa umepoteza mtetezi wake mkubwa. Hapo ndipo mazungumzo ya bomba na dirisha yanapoanza kuingia masikioni. Mimi ni daktari wa kifua, na bado naamini mfuko wa mahindi utakusaidia kuliko bango langu.

Baridi nayo uiheshimu, na hapa kuna jambo la kusema kila mwaka kabla ya Juni, hata kama huna nafasi ya kusema jingine lolote. Watu hukataa moshi wa kuni wakaingiza jiko la mkaa chumbani kwa sababu "mkaa hauna moshi". Mkaa ulioiva unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaanza na kichwa kuuma na uchovu, anadhani ni usingizi, analala, haamki. Familia nzima huweza kukutwa asubuhi hivyo. Jiko la mkaa halilali na watu, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Ukikuta mtu amezimia chumba chenye jiko, fungua mlango, mtoe nje kwanza, mengine baadaye.

Ya kufanya jikoni bila pesa au kwa pesa kidogo yapo, na mengi wanayajua nusu. Kuni mbichi ni moshi mtupu, kwa sababu moto unatumia nguvu zake kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni. Mgrevilea ukikatwa leo upasuliwe vipande vyembamba, upangwe pakavu penye upepo, utumike miezi ijayo. Maharage na mahindi ya makande yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe. Kila nusu saa inayopungua motoni ni moshi ambao haukuvutwa. Moto usiwashwe kwa mfuko wa plastiki wala kipande cha ndala, maana moshi wa plastiki ni sumu ya aina yake. Mafuta ya taa nayo yaachwe, si salama kama wengi wanavyodhani. Anayejenga jiko jipya aache uwazi mpana kati ya ukuta na paa, pande mbili zinazotazamana, moshi upate pa kutokea. Kiangazi, kupikia nje chini ya kibanda kisicho na kuta ni dawa kubwa. Na kubwa kuliko zote hizo: mtoto ashuke mgongoni wakati wa kuwasha na kupuliza moto, abaki na mtu mwingine nje. Zile dakika za mwanzo ndizo chafu kuliko zote, na mgongoni mwa mama ndipo kichwa cha mtoto kipo kwenye wingu.

Hapo utaambiwa: abaki na nani? Ni swali halali. Baba yuko wapi? Usiongee na akina mama peke yao. Nimeona semina nyingi za moshi zilizojaa kina mama, ambao hawana sauti juu ya pesa ya dirisha, wala bomba, wala gesi. Nenda kijiweni. Wanaume huko hawatatishika na habari za mapafu, lakini watasikiliza hesabu: gunia la mkaa linakaa siku ngapi, mke anapoteza siku ngapi kutafuta kuni wakati chai au viazi vinasubiri. Wenye umeme waeleze kuhusu jiko la presha la umeme. Sufuria ya maharage humo haimalizi uniti moja. Kwa mteja wa matumizi madogo uniti ni kama Sh 122, na kwa wa kundi la juu yake ni kama Sh 356. Wapige hesabu wenyewe, walinganishe na mkaa wa kuivisha maharage hayohayo. Kulinunua jiko lenyewe ndiko kugumu, siwezi kukudanganya. Vikundi vya kuweka na kukopa vimewahi kununua mabati na sufuria za harusi kwa zamu. Jiko pia linanunulika kwa zamu.

Serikali nayo ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo mwisho wake, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Shule ya kata yenu inapikaje uji? Mpishi wa shule anayesimama mbele ya masufuria makubwa kila siku huenda anavuta moshi kuliko mama yeyote kijijini, na hakuna anayemtaja. Lipeleke hilo kwenye kamati ya shule ukiwa na agizo mkononi; hapo huombi hisani.

Sasa niseme ninalotaka ulifanye kuliko yote, kwa sababu linaokoa mtoto wiki hiihii wakati tunasubiri majiko. Wafundishe wazazi kuhesabu pumzi. Mtoto anayekohoa, akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, tazama kinavyopanda, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, 40 au zaidi. Akifikia hapo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, au amelegea, hakuna kusubiri asubuhi. Bibi anayejua kuhesabu anaweza kuokoa mjukuu. Hao mabibi usiwaache nje ya mafunzo.

Kwa watu wazima kuna kanuni mbili. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapimwa kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure nchini, na wala usiruhusu mtu akisingizie moshi kabla ya kupimwa. Makohozi yakitoka safi, kikohozi kikaendelea na mtu anahema akipanda mlima alioupanda miaka yote, asizungushwe na chupa za dawa ya kikohozi. Aombe rufaa apimwe kwa kupuliza kwenye mashine inayoonyesha hewa inatoka kwa kasi gani. Mwambie atamke mwenyewe kwa daktari: "Napikia kuni, miaka 25." Wengi wetu bado hatuulizi. Dawa za kuvuta kwa mdomo zipo, na zinafika kifuani kuliko vidonge vinavyotetemesha mikono. Anayeshindwa kuvuta vizuri, au mtoto, atatobolewa chupa safi ya plastiki ya nusu lita kwenye kitako, pampu iingie hapo, mdomo ukae kwenye shingo ya chupa. Inafanya kazi vizuri. Ila akirudi kukaa mbele ya mafiga yaleyale, tunakimbizana na dawa.

Turudi kwa huyo mama anayekuchekeshea mkutano. Usimpinge tena mbele ya watu. Mpe kazi. Tafuta vipande viwili vya kitambaa cheupe vinavyolingana. Kimoja atundike jikoni kwake, usawa wa kichwa chake anapokaa kupika. Cha pili chini ya mti, nje. Wiki moja, kisha avilete mkutanoni na avionyeshe yeye, aseme alichokiona kwa maneno yake. Kitambaa kinanasa masizi makubwa tu, zile chembe ndogo zinapita, na hilo umwambie mapema ili asije akadhani ameona yote. Chagua kitambaa cha pamba; cha nailoni kikikaribia moto kinayeyuka.